Umetamka Neno la Kiingereza na Hukueleweka: Jinsi ya Kutafuta Kosa Lilipo

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza huanza akiwa na mtaji mkubwa kuliko anavyodhani, na mara nyingi ni mtaji huo huo unaomponza. Kiswahili kimemlea katika kanuni nne ambazo huzifuata bila hata kuzifikiria: herufi iliyoandikwa hutamkwa, tena hutamkwa vilevile popote inapotokea, mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kila silabi hupewa muda wake kamili, na neno huishia kwa irabu. Kiingereza hakijifungi kwa hata moja kati ya kanuni hizo. Kwa sababu hiyo, makosa mengi yanayolaumiwa kuwa ni ulimi mzito si udhaifu wa ulimi hata kidogo, bali ni kanuni njema za lugha moja zinazotumika ugenini. Ukishajua ni kanuni ipi iliyovuka mpaka, hubaki kazi ya mazoezi tu.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na orodha ya sauti. Sauti za Kiingereza ni nyingi, takribani 44 kwa hesabu ya kawaida ya Kiingereza sanifu cha Uingereza, na anayejaribu kuzirekebisha zote kwa pamoja huchoka kabla hajaimudu hata moja. Tutaanza na dalili, yaani namna msikilizaji alivyoshindwa kukuelewa, kisha tutarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Msikilizaji alishindwaje?

Kushindwa kuelewana huja kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni pale ambapo msikilizaji hakupata neno lolote: anakunja uso, anaomba urudie, nawe unarudia kwa sauti kubwa zaidi, naye bado haambulii kitu. Hapo tuhumu mkazo kabla ya jambo jingine lolote, hasa ikiwa neno lina silabi tatu au zaidi. Namna ya pili ni pale ambapo amesikia neno, lakini si lile ulilokusudia: umesema unaondoka, yeye ameelewa kwamba unaishi hapo, umeomba karatasi, yeye amefikiria pilipili. Hapo kosa liko kwenye sauti moja tu, na mara nyingi sauti hiyo ni irabu. Namna ya tatu hujificha zaidi: anakuelewa, ila kwa kuchelewa, na baada ya mazungumzo marefu unaona amechoka. Hapo maneno mojamoja hayana shida kubwa. Hitilafu iko kwenye mwendo wa sentensi au kwenye miisho ya maneno.

Niseme mapema jambo ambalo halisemwi vya kutosha: wanafunzi hutumia wiki nyingi wakihangaikia sauti ya "th", ambayo ni nadra kuzuia maelewano, huku wakiuacha mkazo, ambao huyazuia kila siku. Mpangilio unaofuata umezingatia ukubwa wa madhara.

Neno refu halisikiki kabisa

Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilitamka "vegetable" kama ve-je-TEI-bo, nikiwa na uhakika wote wa mtu aliyeliona neno limeandikwa waziwazi mbele yake. Neno hilo ni VEJ-tə-bl, na mkazo wake uko mwanzoni kabisa. Alama ya ə tutaieleza baadaye kidogo. Herufi kubwa zinaonyesha silabi yenye mkazo.

Chanzo cha kosa hilo ni tofauti ya namna ya kusikiliza. Kiswahili humruhusu msikilizaji kulitambua neno kwa silabi zake zote, kwa kuwa zote husikika wazi, na mkazo kwake ni kama ishara kwamba neno linakaribia kuisha. Msikilizaji wa Kiingereza huishika kwanza silabi yenye mkazo, hulitafuta neno akilini kwa kuanzia hapo, na silabi nyingine huzichukulia kama vivuli vyake. Ukiweka mkazo mahali pasipo pake, umempa njia isiyofika, na kupaza sauti hakumsaidii, kwa sababu kadiri unavyopaza ndivyo unavyozidi kumsukuma kule kule alikopotelea.

Ili kuhakikisha kwamba hili ndilo tatizo, litafute neno kwenye kamusi ya Kiingereza inayoonyesha matamshi. Nyingi huweka kijistari kidogo kilichosimama juu, mbele ya silabi yenye mkazo. Kisha litamke neno kama ulivyolizoea, ukigonga meza kwa kidole mara moja tu pale unapokaza. Ukigonga kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kamusi ikaonyesha kwingine, umekipata chanzo. Kwa namna hiyo "calendar" huwa kaLENda kinywani mwa wengi, ilhali ni KALəndə, na "character" huwa kaRAKta, ilhali ni KARəktə.

Maneno ya mkopo yanaweza kukusaidia au kukupoteza. "Hoteli", "polisi" na "mashine" yamehifadhi mkazo wa Kiingereza bila sisi kukusudia: ukiikata irabu ya mwisho unabaki na hoTEL, poLIIS na məSHIIN, na hivyo ndivyo mkazo unavyokaa. "Kalenda", kwa upande mwingine, itakupoteza kila mara. Na lipo neno "determine", ambalo kanuni ya Kiswahili ingeliokoa kama ingeachwa ifanye kazi yake, kwa kuwa mkazo wake kweli uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Linaharibika kwa sababu msomaji huona sehemu ya mwisho, "mine", akaitamka "main" na kuipa mkazo wote.

Marekebisho si kukariri mkazo wa kila neno, kwa kuwa miishilio mingine ina utaratibu. Maneno yanayoishia kwa "-tion", "-sion", "-ic", "-ical" na "-ity" huweka mkazo kwenye silabi inayotangulia mwishilio huo: "education", "decision", "economic", "political", "ability". Kuna yanayokiuka, kama "Arabic" na "politics", ambayo hukazwa mwanzoni, lakini ni machache. Utaratibu huu unaeleza pia kwa nini mkazo huhama ndani ya ukoo mmoja wa maneno: "photograph" hukazwa silabi ya kwanza, "photography" ya pili, na "photographic" ya tatu. Vilevile yapo maneno ambayo huwa nomino yakikazwa mwanzoni na kitenzi yakikazwa mwishoni, kama "record", "present", "object" na "increase". Anayeona kwamba jambo hili ni geni kabisa akumbuke "barabara": tukikaza silabi ya tatu tunazungumzia njia, na tukikaza ya pili tunamaanisha sawasawa. Sikio la Mswahili linaweza kuitambua tofauti hiyo. Halijazoea tu kuitafuta.

Namba zinastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu kosa lake huleta hasara ya kweli. "Thirteen" na "thirty" huchanganywa hata na watu wanaokijua Kiingereza vizuri. Kamusi zitakuambia kwamba 13 hukazwa mwishoni na 30 mwanzoni, jambo ambalo ni kweli neno likiwa peke yake. Lakini mtu anapohesabu, au neno linapofuatwa na nomino, mkazo wa 13 nao husogea mbele. Kwa hiyo usiutegemee mkazo peke yake. Irefushe irabu ya mwisho ya "thirteen" na uifunge kwa "n" inayosikika wazi, nayo ya "thirty" uikate fupi.

Mkazo uko sahihi, lakini neno bado ni zito

Hapa ndipo ə inapohitajika. Wanaisimu huiita shwa, na ndiyo irabu inayotokea mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, ingawa haina herufi yake. Ni sauti ya kinywa kilichopumzika: midomo haifanyi umbo lolote, ulimi umelala katikati, na sauti hutoka fupi na hafifu. Inaweza kuandikwa kwa herufi yoyote ya irabu: "a" ya kwanza ya "about", "e" ya "problem", "o" ya pili ya "doctor". Katika "banana", "a" ya kwanza na ya tatu ni shwa, na ile ya katikati peke yake ndiyo irabu kamili.

Mzungumzaji wa Kiswahili hupata taabu hapa kwa sababu ya adabu, kama naweza kuiita hivyo: amefundishwa kuipa kila silabi haki yake. Katika Kiingereza, kuipa silabi isiyo na mkazo haki hiyo ni kuidhulumu ile yenye mkazo, maana tofauti kati yao hufutika. Zoezi linalofaa ni kulitamka neno kwanza bila silabi dhaifu kabisa, kisha kuzirudisha kwa kunong'ona. Sema "DOK", kisha "DOKtə", na usikubali silabi ya pili ipate nguvu ya "daktari".

Madhara makubwa zaidi ya kuikosa shwa hayatokei kwenye maneno marefu bali kwenye neno dogo "can". Mtu husema "I can do it", akikusudia kwamba anaweza, na msikilizaji huelewa kwamba hawezi. Sababu ni kwamba katika mazungumzo ya kawaida "can" hupunguzwa hadi "kən", karibu bila irabu, ilhali "can't" hubaki na irabu kamili. Sauti ya "t" ya mwisho mara nyingi haisikiki, hasa kwa Wamarekani, hivyo msikilizaji huamua kwa uzito wa irabu. Ukitamka "can" kwa uzito wote, umekana jambo ulilotaka kulikubali. Dawa ni kuhamishia nguvu kwenye kitenzi kinachofuata: "ai kən DUU it". Ukitaka kukana, lipe "can't" mkazo na irabu ndefu. Maneno mengine ya aina hii, kama "to", "for", "of", "and", "was" na "from", hudhoofika vilevile yanapokuwa katikati ya sentensi.

Msikilizaji amesikia neno jingine

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na takribani 20, zikiwemo irabu unganifu, yaani zile zinazoanza kwa irabu moja na kuishia kwa nyingine, kama "ei". Haiwezekani, basi, irabu tano kuzibeba irabu ishirini bila nyingine kugongana, na kazi yetu ni kujua mahali zinapogongana.

Mgongano wa kwanza ni wa "i". Maneno "live" na "leave", "ship" na "sheep", "fill" na "feel" hutoka sawasawa. Walimu wengi husema kwamba tofauti ni urefu, na wanafunzi hulifupisha neno la kwanza bila mafanikio, kwa sababu "sheep" iliyofupishwa bado ni "sheep". Tofauti kubwa iko kwenye mahali pa ulimi. Irabu ya "sheep" ni "i" ya Kiswahili iliyorefushwa, midomo ikiwa imetanuka kidogo. Irabu ya "ship" iko kati ya "i" na "e" zetu, na kinywa kimelegea. Jaribu kusema "i", kisha ushushe ulimi polepole kuelekea "e" na usimame kabla hujafika; hapo ndipo ilipo. Hali hiyo hiyo inazihusu "pull" na "pool", "full" na "fool": ya kwanza si "u" fupi, bali ni "u" iliyolegea na kushuka kidogo kuelekea "o".

Mgongano wa pili ni wa "a", nao ndio mkubwa kuliko yote. Maneno manne, "hat", "hut", "heart" na "hurt", yanaweza kutoka kama neno moja. "Hat" inataka kinywa kipanuke kama cha "a", lakini ulimi usogee mbele kama unaotaka kusema "e". "Hut" ndiyo iliyo karibu na "a" yetu, ila ni fupi na haina nguvu. "Heart" ni ndefu na hutoka nyuma ya kinywa. "Hurt" haina mwenzake katika Kiswahili: ni shwa iliyorefushwa, "əə", midomo ikiwa haijatanuka wala haijaviringika. Kwamba lugha yetu haijawahi kujua pa kuiweka irabu hii ya nne kunaonekana kwenye maneno ya mkopo yenyewe. "Shirt", "skirt" na "nurse" zina irabu moja katika Kiingereza, lakini sisi tulipata "shati" kwa "a", kisha "sketi" na "nesi" kwa "e". Ukiwa na shaka kuhusu maneno kama "work", "first", "girl" na "world", usichague kati ya "a" na "e". Anza na shwa na uivute. Anayesema "work" kwa "o", kwa kuifuata tahajia, husikika akisema "walk".

Mgongano wa tatu huwahusu wanaotamka irabu unganifu kama irabu moja. "Gate" ilitupa "geti", na "cake" ikatupa "keki", kwa kuiacha nusu ya pili ya "ei". Katika Kiswahili hilo halina madhara, lakini katika Kiingereza "e" na "ei" hutenganisha "pepper" na "paper", "wet" na "wait", "men" na "main". Vilevile "o" na "ou" hutenganisha "cost" na "coast". Tamka sehemu zote mbili, huku ulimi ukihama, na sehemu ya kwanza iwe na nguvu kuliko ya pili.

Kuhusu konsonanti nitasema machache, kwa kuwa Kiswahili kimekupa nyingi tayari. "Th" ya "think" ndiyo ile ya "thelathini", na "th" ya "this" ndiyo "dh" ya "dhahabu". Anayesema "sink" na "zis" mara nyingi ni mtu ambaye lugha yake ya kwanza haina sauti hizo na hata "thelathini" huitamka "selasini", hivyo aanze kwa kurekebisha Kiswahili chake. Ugumu halisi ni kujua ni ipi ya kutumia mahali gani. Mwanzoni mwa maneno madogo ya kisarufi, kama "the", "that", "they", "then" na "though", ni "dh". Mwanzoni mwa maneno yenye maana nzito, kama "thing", "thick" na "thousand", ni "th". Katikati ya maneno ya ukoo, "mother", "father" na "brother", ni "dh". "Thomas", "Thames" na "Thailand" hutamkwa kwa "t" tu.

Zawadi nyingine ya Kiswahili, ambayo wanafunzi wa lugha nyingi wangeitamani, ni tofauti kati ya "ng" ya "ngoma" na "ng'" ya "ng'ombe". Kiingereza kinazo zote mbili, na huziandika kwa namna moja. "Singer" hutamkwa kwa "ng'", na "finger" kwa "ng". Maneno kama "sing", "king", "long" na "bring" huishia kwa "ng'" tupu, hivyo anayeongeza "g" au "k" mwishoni amekosea, lakini "longer" na "stronger" huirudisha "g".

Wanaobadilishana "r" na "l" wanapaswa kujua kwamba "r" ya Kiingereza haigongi ufizi kama yetu: ncha ya ulimi hujikunja juu bila kugusa chochote. Jambo hilo huwasaidia wengi, kwa kuwa swali huwa jepesi: kama ulimi umegusa, hiyo ni "l". Wapo pia ambao huweka "n" mbele ya "d" au "m" mbele ya "b" kwa sababu lugha zao za kwanza hazina sauti hizo zikiwa peke yake. Hao wafunge pua kwa vidole wanapofanya mazoezi, kwa kuwa nazali, yaani sauti ya puani kama hiyo "n" au "m", haiwezi kupita pua ikiwa imefungwa.

Zaidi ya hapo, "p", "t" na "k" zikianza silabi yenye mkazo hutoka na mpumuo. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo useme "pin": kisipotikisika, msikilizaji anaweza kusikia "bin". Wasemaji wa baadhi ya lahaja za pwani wanaoitenganisha "paa" ya mnyama na "paa" ya nyumba kwa mpumuo huo hawahitaji kufundishwa hili. Wanahitaji kukumbushwa tu.

Anakuelewa, lakini anachoka

Sikiliza miisho ya maneno yako. Kiswahili hakipendi neno lifungwe kwa konsonanti, hivyo huongeza irabu, na huiongeza kwa mpango: mara nyingi "u" baada ya sauti ya midomo, kama katika "timu", "bomu" na "filamu", na "i" kwingineko, kama katika "basi", "benki" na "tiketi". Utaratibu huu ndio uliotupa hata "kiplefti", neno lililotokana na agizo la kukaa kushoto na sasa lina wingi wake, "viplefti". Ni ufundi mzuri ndani ya Kiswahili. Ukiingia nao kwenye Kiingereza, hata kwa irabu hafifu kabisa, idadi ya silabi hubadilika na sentensi nzima hupoteza mwendo wake. Kipimo chake ni rahisi: hesabu silabi kwa vidole. "Bank" ni moja, "film" ni moja, "desk" ni moja, na "strengths" pamoja na wingi wa herufi zake ni moja.

Konsonanti zinapokuwa tatu mfululizo, mwanafunzi huona kwamba ana njia mbili: kujikaza au kuongeza irabu. Ipo ya tatu, ambayo wenyewe huitumia: kuiacha konsonanti ya katikati. "Asked" katika mazungumzo ya kawaida hutoka "aast", "facts" hutoka "faks", na "next day" hutoka "neks dei". Kupunguza husikika vyema kuliko kuongeza.

Mwishilio "-ed" huzaa kosa lile lile kwa sababu ya tahajia. Hutamkwa kama silabi kamili, "id", pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya "t" au "d": "wanted", "needed". Kwingineko haiongezi silabi: ni "t" baada ya sauti zisizotetemesha koo, kama "worked", "washed" na "laughed", na ni "d" baada ya zinazotetemesha, kama "played" na "lived". Weka vidole kooni na utaijua. Vivumishi vichache, kama "naked", "wicked" na "sacred", huihifadhi silabi hiyo. Mwishilio "-s" hufuata mantiki ileile: "s" katika "cats", "z" katika "dogs", na silabi kamili katika "buses". Usisahau kwamba "is", "was", "his" na "has" huishia kwa "z".

Lipo jambo moja la mwisho kuhusu miisho, na wengi hawalisikii hadi waonyeshwe. Katika "bag" na "back", au "eyes" na "ice", konsonanti ya mwisho yenyewe haibebi tofauti yote. Irabu inayoitangulia ndiyo hurefuka kabla ya "g" na "z", na hukatwa kabla ya "k" na "s". Ukiirekebisha irabu, konsonanti itajitengeneza.

Neno unalijua, lakini unalisoma vibaya

Hapa lawama ni ya maandishi. William Caxton alipoanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kutulia wakati irabu ndefu za lugha zikiendelea kuhama kwa karne kadhaa. Matamshi yakaenda, maandishi yakabaki. "K" ya "knee" na "knife" iliwahi kutamkwa, kisha ikanyamaza. Nyingine hazikuwahi kusikika hata mara moja: "b" ya "debt" iliingizwa na wasomi waliotaka neno lifanane na asili yake ya Kilatini, na "s" ya "island" iliingia kwa kulifananisha na "isle". Kwa hiyo usione aibu kukosea hapa, wala usijaribu kukisia.

Makosa yanayojirudia ni haya. "B" haisikiki katika "climb", "comb", "plumber" na "doubt". "L" haisikiki katika "walk", "half", "calm", "salmon" na "could". "T" haisikiki katika "listen" na "castle". "P" haisikiki katika "receipt" na "psychology". "H" haisikiki katika "hour", "honest" na "heir". "W" haisikiki katika "sword" na "answer". "Ch" ni "k" katika "chemistry", "stomach" na "architect", na ni "sh" katika "chef". "O" ya "son", "month", "love" na "London" hutamkwa kama irabu ya "hut". "Bury" hutamkwa kama "berry", "women" huanza kwa "wi", na "says" ni "sez". Tahajia "-ough" haina kanuni: "though", "through", "tough", "cough" na "thought" ni maneno matano yenye matamshi matano, na hapo hapana budi kukariri.

Kabla hujajihukumu, hakikisha kwamba si tofauti ya Uingereza na Marekani. "Schedule" kwa Waingereza wengi huanza kwa "sh" na kwa Wamarekani kwa "sk". "R" ya "car" huachwa na wengi Uingereza na kutamkwa Marekani. Chagua upande mmoja ili usijichanganye.

Neno ni sahihi peke yake, kosa linarudi katika mazungumzo

Dalili hii huwakatisha tamaa wengi, ingawa chanzo chake si kigumu: umefanya mazoezi ya neno, ilhali kinywa hutumia vifungu. Jirekodi kwa simu ukizungumza kwa dakika mbili bila kusoma, uandike maneno matatu tu yaliyoharibika, kisha ufanye mazoezi ya kila moja ndani ya kifungu cha maneno manne au matano unachokitumia kweli. Programu za kuandika kwa sauti zinaweza kukupima, lakini zitumie kwa maneno mawili yanayofanana, moja baada ya jingine, bila sentensi kuyazunguka. Zikipewa sentensi nzima hukisia kutokana na muktadha, na zitaandika "leave" hata kama umesema "live". Ukihitaji kuthibitisha sauti yenyewe, soma alama za matamshi kwenye kamusi. Nyingi hutumia alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, iliyotokana na kazi ya chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, na alama tatu zinatosha kwa kuanzia: kijistari cha mkazo, ə, na nukta mbili zinazoonyesha kwamba irabu inarefushwa.

Baada ya wiki moja, jirekodi tena ukizungumzia jambo lile lile. Maneno yale matatu yakitoka sawasawa bila wewe kuyafikiria, chukua mengine matatu. Yakiwa bado yanayumba, punguza kasi ya kifungu, wala usiongeze sauti.